MTENGENEZA VIRUSI VYA KOMPYUTA: TUSIMSIFU, TUSIMCHOME MOTO, ALIPE



Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni ndefu. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujaituma kwa wengine. Mwenye kusoma nusu ya kwanza atasema shekhe amekuwa mkali mno kwa vijana, na mwenye kusoma nusu ya mwisho atasema shekhe anatetea wezi. Isome yote, kisha unilaumu.

Jambo lenyewe ni hili: mtu anayetengeneza virusi vya kompyuta, au anayechukua virusi vilivyokwisha kutengenezwa akavisambaza ili aharibu kazi za watu, sisi Waislamu tumtazameje? Na jamii imwadhibu vipi?

Usiniambie hayo ni mambo ya Ulaya. Sisi ni watu wa mpakani. Hapa Tunduma lori halivuki kwenda Nakonde mpaka karatasi zake zipite kwenye kompyuta. Mtandao ukisimama kwa saa chache tu, foleni inarefuka kuelekea Mpemba, na dereva, utingo, mama ntilie na mbadilisha kwacha wote wanakaa wakitazamana. Mwalimu anatunza matokeo kwenye kompyuta. Zahanati inatunza majina ya wagonjwa kwenye kompyuta. Hata orodha ya mayatima wanaosaidiwa na msikiti wetu iko kwenye kompyuta. Basi mwenye kuharibu kompyuta za watu anaharibu riziki za watu.

KILICHOTOKEA

Miezi michache iliyopita, mjane mmoja wa hapa mjini, ambaye sitamtaja, alifungua duka lake la steshenari asubuhi kama kawaida. Ana kompyuta mbili, printa na mashine ya kutolea kopi. Ndicho kinacholisha watoto wake. Akawasha kompyuta, akakuta faili zote zimebadilika majina na hakuna hata moja linalofunguka. Kwenye kioo kuna maandishi ya Kiingereza yanayomwambia alipe dola ili apewe ufunguo wa kufungulia faili zake mwenyewe.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na mitihani ya shule tatu, mikataba ya viwanja, barua za watu za kuomba kazi, na hesabu za kikoba cha akina mama 26 za miaka minne. Yeye ndiye katibu wa kikoba.

Akamwita fundi. Fundi ni kijana wa miaka 22, anajulikana mjini kwa utundu wa kompyuta, na siku tatu kabla alikuwa amefika dukani hapo kumwekea programu "ya bure". Kijana akaja, akainama, akatikisa kichwa, akasema ugonjwa huu ni mkubwa, atajaribu kwa shilingi 80,000. Mama akakopa, akalipa. Faili hazikufunguka.

Baadaye wenye maduka walianza kulinganisha habari. Kila duka alilopita kijana yule, baada ya siku mbili au tatu linaugua ugonjwa uleule, na yeye ndiye anayeitwa kuuponya. Alipobanwa alikiri. Virusi hakuviandika yeye tangu mwanzo. Alivitoa mtandaoni, akabadilisha kidogo, akavificha ndani ya programu alizokuwa anawawekea watu. Alikusudia kufunga, kisha alipwe ili afungue. Duka la kwanza lilifunguka. La mjane liligoma, ufunguo alionao haukufanya kazi. Alikuwa amefungulia kitu asichojua kukizuia.

Jioni ile, baada ya Maghrib, nyumbani kwao kulikuwa na makundi mawili. Kundi moja lilikuja na tairi. Kundi la pili lilisimama pembeni likicheka, likisema dogo ana kichwa huyu, serikali imchukue impe kazi, mnataka kupoteza akili kubwa namna hii. Mimi niliitwa kwa sababu nilimfundisha juzuu Amma akiwa mdogo. Nilisimama mlangoni pamoja na mwenyekiti wa mtaa mpaka kijana alipochukuliwa akakabidhiwa kwa vyombo vya sheria.

Mama yule alinisubiri nje ya msikiti baada ya Isha. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu:

"Shekhe, akifungwa, kazi za watu zitarudi?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilimwambia avute subira, na nikaona haya kwa maneno yangu mwenyewe. Darsa hii ndiyo jibu langu, japo limechelewa.

KWA WANAOSEMA "ANA KICHWA"

Naanza na kundi lililokuwa linacheka, kwa sababu hilo ndilo kubwa zaidi, na humo wamo wasomi na wenye nafasi zao.

Kiswahili chetu kina neno "mtundu". Mtundu ni mtoto anayefungua redio iliyokufa akairudisha ikaimba. Mtundu pia ni mtoto mkorofi anayefungua redio nzima akaiua. Neno ni moja, na sisi tumeshindwa kutenganisha watundu hawa wawili. Tunawapigia makofi wote.

Akili ni amana. Allah hakumpa mtu akili ili tumsifu kwa kuwa nayo, amempa ili aulizwe aliifanyia nini. Iblisi ana elimu kuliko wengi wetu. Qaruni alijisifu kwamba mali yake imetokana na elimu aliyonayo, na ardhi ikammeza pamoja na nyumba yake. Kama kuwa na kichwa kunatosha kumsamehe mtu, hao wawili wangekuwa wa kwanza kusamehewa.

Tazama yaliyopita. Mwaka 1986 huko Lahore, Pakistani, ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitengeneza kirusi kilichoitwa Brain, kinachotajwa kuwa cha kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM. Wao walieleza kwamba walitaka kulinda programu yao ya tiba isinakiliwe bila idhini. Waliandika humo majina yao, anwani yao na namba zao za simu. Unaweza kusema nia yao haikuwa mbaya. Lakini kirusi kilisafiri kwenye diski, kikavuka nchi na bahari, na simu zikaanza kuwajia kutoka kwa watu wa mbali wasiowajua. Kilitoka mikononi mwao na hakikurudi.

Mei 2000, huko Ufilipino, kijana Onel de Guzman alitengeneza kirusi kilichokuja kwa barua pepe yenye kichwa cha habari "nakupenda" kwa Kiingereza. Alitaka kuiba nywila za watu ili apate intaneti ya bure. Kwa siku chache kompyuta mamilioni ziliambukizwa duniani, hata mabunge na wizara kubwa zikazima barua pepe zao. Miaka 20 baadaye mwandishi mmoja alimkuta Manila kwenye kibanda cha kutengeneza simu, akakiri na kujutia. Mwenyewe alisema hakutarajia kirusi kifike Marekani na Ulaya.

Umeona mahali wawili hawa wanapokutana? Kirusi hakiombi ruhusa ya aliyekitengeneza. Kinajinakili. Ndiyo maana nasema dhambi hii si kama dhambi ya kuiba kuku. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kuanzisha mwendo mbaya anabeba mzigo wake na mzigo wa kila atakayeufuata, bila ya wao kupunguziwa chochote. Tunajua sadaka jariya, kisima unachochimba ukafa na watu wakaendelea kunywa. Basi na dhambi jariya ipo. Mtengeneza virusi anaweza kulala, kuoa, hata kwenda Hija, na huko nyuma programu yake bado inafunga mafaili ya mjane mwingine asiyemjua. Mwenye kumsifu mtu huyu anasifu moto kwa sababu unang'aa.

KWA WANAOSEMA "YEYE MWENYEWE NDIYE ALIYEBONYEZA"

Kijana yule alijitetea kwa maneno ambayo nimeyasikia kwa wengi: "Ustaadhi, mimi sikumlazimisha. Nilimwekea programu, yeye mwenyewe ndiye aliyeifungua."

Hoja hii si mpya. Mafaqihi wetu waliijibu karne nyingi kabla ya kompyuta. Mtu akichimba kisima katika njia ya watu bila haki, kisha mpita njia akatumbukia, nani anawajibika? Aliyechimba. Hatumwambii aliyetumbukia kwamba miguu ni yake. Njia ni ya watu wote, na mwenye kutega katika njia anabeba kilichonaswa. Na huyu wetu alichimba, akafunika kwa majani, kisha akasimama pembeni na kamba akiuza huduma ya kuopoa. Hiyo ni ghushi juu ya uharibifu, na ile 80,000 aliyoipokea ni haramu juu ya haramu.

KWA WANAOSHANGILIA KWA JINA LA DINI

Hapa nitawaudhi baadhi yenu, lakini lazima niseme.

Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, unaobeba maelfu ya huduma za serikali, ulishambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai ndilo lililofanya, likisema Kenya inaingilia mambo ya Sudani. Hawakutumia kirusi cha kujinakili. Walifurisha mfumo kwa maombi ya uongo mpaka ukashindwa kuhudumia watu wa kweli. Tofauti ya kifundi ipo, lakini dhulma ni moja. Kundi hilo lilikuwa likijipamba kwa maneno ya kutetea Uislamu, na niliona vijana wetu wakituma habari zake kwa furaha na kuandika takbiri.

Nauliza: nani aliumia siku ile? Aliyeshindwa kununua umeme kwa simu. Abiria aliyeshindwa kukata tiketi ya treni. Wengine kati yao walikuwa Waislamu wa Mombasa, ndugu zako. Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudani kuhusu mashambulizi ya kundi hilo. Mashtaka si hukumu, na siwahukumu. Lakini katika yanayotajwa humo ni shambulizi la hospitali ya Cedars-Sinai huko Los Angeles, ambako wagonjwa wa dharura walilazimika kupelekwa hospitali nyingine. Mgonjwa amekosa nini? Dini yetu imekataza, hata katika vita vya kweli, kumgusa mzee, mwanamke, mtoto na mtawa aliye ndani ya nyumba yake ya ibada. Leo unaniletea takbiri kwa kuzima kompyuta ya mgonjwa?

Kumbukeni pia Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipofunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150. Uingereza peke yake, ahadi za wagonjwa kumwona daktari zinazokadiriwa kufikia 19,000 zilifutwa. Mwenye kusubiri upasuaji alirudishwa nyumbani. Mtu wa namna hii Qur'ani imekwisha kumpa jina. Suratul Baqara, aya ya 205, inamweleza yule anayekwenda huku na huko katika ardhi akifanya ufisadi, akiangamiza mazao na viumbe, na inatujulisha kwamba Allah hapendi ufisadi. Jina lake ni mfisadi. Liwe hilo, hata akiwa anasali safu ya kwanza.

KWA WALIOKUJA NA TAIRI

Sasa nawageukia nyinyi mliokuja na tairi. Mlidhani nimemaliza?

Kuchoma mtu moto ni haramu. Mtume (s.a.w.) alikataza kuadhibu kwa moto, kwa kuwa moto ni adhabu ya Mola wa moto peke yake. Tena huyu hajaua mtu. Wewe uliyebeba petroli ulikuwa tayari kuua nafsi kwa ajili ya faili, kisha urudi kwako ule chakula cha usiku. Tunduma hii tumeshachoma vibaka, na wizi haukuisha. Kilichoisha ni huruma yetu.

Wapo pia waliokuja kwangu kwa utaratibu, na kanzu zao, wakasema: shekhe, huyu ni mwizi, hukumu ya mwizi inajulikana, kwa nini tusiidai? Nawajibu hivi. Kwanza, hudud hazisimamishwi na mimi, wala na kamati ya msikiti, wala na vijana wa mtaa. Ni kazi ya mamlaka yenye mahakama, na nchi yetu ina sheria zake tunazoishi chini yake. Pili, hata ndani ya fiqhi, hadi ya wizi ina masharti mazito: kiwango cha mali, mahali mali ilipohifadhiwa, namna ilivyochukuliwa, na shaka ikiingia hadi huondoka. Aliyefunga faili hajabeba kitu akaondoka nacho. Ameharibu na ameghushi. Uharibifu una mlango wake katika vitabu, nao ni mlango wa dhamana, yaani kulipa ulichokiharibu. Na juu yake ipo taazir, adhabu anayoipima hakimu kwa kadiri ya kosa. Mwenye kuruka milango hii miwili akakimbilia kisu, ana hasira zaidi kuliko elimu.

HUKUMU YA SHAMBA

Sasa narudi kwa mama na swali lake.

Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, Allah anatukumbusha kisa cha Daudi na Sulaimani (a.s.). Mifugo ya watu iliingia usiku katika shamba la mtu na kulila. Kesi ikaletwa. Wafasiri wanaeleza kwamba Daudi aliona mwenye shamba apewe mifugo ile iwe fidia yake. Sulaimani akaona jambo jingine: mwenye mifugo achukue shamba alilime na kulihudumia mpaka lirudi kama lilivyokuwa, na kwa muda huo mwenye shamba akae na mifugo, anywe maziwa yake na kutumia sufi yake. Shamba likirudi, kila mmoja achukue chake. Allah akatujulisha kwamba alimfahamisha Sulaimani hukumu ile, na kwamba wote wawili walipewa hekima na elimu.

Nyinyi wakulima wa Mbozi na Momba hamhitaji nifasiri. Mnajua maana ya kuamka ukakuta ng'ombe wamelala katikati ya mahindi yako. Mnajua pia kwamba mfugaji akipelekwa ndani na wewe ukabaki na mabua, njaa yako iko palepale.

Mwenye kuachia virusi ameachia mifugo usiku katika mashamba ya watu. Hukumu yake ianze hapo: shamba lirudi. Faini na miaka ya jela vifuate.

Tazameni sheria yetu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, imekataza kuharibu, kufuta au kubadilisha taarifa za kompyuta bila haki. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji, ipi ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Imekataza pia kumiliki programu iliyotengenezwa kwa ajili ya uhalifu. Sheria ipo, na namshukuru Allah ipo, maana Ufilipino walimwachia kijana wao mwaka 2000 kwa sababu tu hawakuwa na sheria ya kumshitaki.

Lakini nauliza: ile milioni 10 inakwenda wapi? Inakwenda serikalini. Mama wa steshenari anapata nini? Anapata habari kwamba aliyemharibia amefungwa. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu uwezo wa kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyeumizwa. Uwezo upo, ila wengi wenu hamjui kuuomba. Mnatoa ushahidi, mnarudi nyumbani. Nasema hili kwa nguvu zote: katika makosa ya namna hii, fidia isiwe nyongeza ya kuombwa kwa unyenyekevu. Iwe ndilo jambo la kwanza hakimu analouliza, kabla ya faini na kabla ya miaka.

Robert Morris alipoachia programu yake ya kujinakili huko Marekani Novemba 1988, ikakwamisha kompyuta zinazokadiriwa kuwa 6,000. Mahakama ilimpa miaka mitatu ya uangalizi nje ya jela, saa 400 za kazi za jamii, na faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa katika chuo kikubwa cha MIT. Wenye kusifu vichwa wananiletea mfano huo wakisema, unaona shekhe? Nawajibu kwamba mlango wa kurudi siupingi, wala sina haki ya kuupinga, maana Mola wangu hajaufunga. Swali langu ni la wale wa zile kompyuta 6,000. Mlango wao wa kurudi ulikuwa wapi?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Alipe kwanza: mali, muda na kazi ya aliowaharibia, na ikibidi auze alichonacho. Ukubwa wa kifungo upimwe kwa madhara na nia. Aliyefunga hospitali asilingane na aliyefunga duka, na aliyefanya biashara asilingane na mtoto aliyejaribu kwa ujinga. Kisha utundu wake ufungwe kwenye kazi ya kutengeneza, chini ya macho ya wenye mamlaka, mpaka aaminike. Asipewe zawadi ya ajira nono kwa sababu ametutisha. Anayebweka ili alishwe hakuzoeshwi kulishwa.

SISI NASI

Siwezi kumaliza bila kutugusa sisi wenyewe.

Baba wa kijana alinijia usiku na watu wazima wanne, akataka niseme neno ili jambo "liishe kifamilia". Nilimkumbusha mwanamke wa kabila tukufu la Makhzum aliyeiba, na watu wakamtuma Usama aombe aachiwe. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akawaeleza kwamba waliotutangulia waliangamia kwa kumwachia mkubwa na kumwadhibu mnyonge. Nikamwambia baba: kuombea mtoto wako atendewe haki nitakwenda nawe, kuombea haki ya mjane ipotee sitakwenda.

Na wewe mwenye duka unayetaka programu ya bure iliyovunjwa kufuli, huoni kwamba umemfungulia mwizi mlango kwa sababu nawe ulitaka kitu cha wizi? Na wewe kijana unayekubali kuweka alama ya kidole ili laini isajiliwe kwa jina lako kisha itumiwe na usiyemjua, kesho viungo anavyotuma kuwanasa watu vinatoka kwa jina lako. Majirani zetu wa Rukwa, pamoja na Morogoro, wamekuwa wakitajwa juu katika taarifa za TCRA za majaribio ya utapeli wa simu. Tusicheke. Kutoka hapa kwenda Sumbawanga ni nauli ya basi. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa utapeli upeleke 15040. Na kazi za watu ulizopewa ni amana: weka nakala nyingine kwenye flashi iliyochomolewa na kufungiwa kabatini.

NENO KWA KIJANA

Kijana wangu unayesoma haya usiku huku kompyuta iko mbele yako, najua unaona raha ya kuweza kile wenzako hawakiwezi. Nakukumbusha muflisi aliyetajwa na Mtume (s.a.w.). Atakuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini alidhulumu huyu, alikula mali ya yule. Watagawiwa mema yake, na mema yakiisha atabebeshwa madhambi yao. Mwizi wa kuku ana mdai mmoja. Wewe wadai wako wako Vwawa, Ndola na Manila, hujui majina yao, na huwezi kuwaomba msamaha. Toba ina masharti, na katika haki za watu sharti ni kurudisha. Utarudisha kwa nani?

Yule wa kwetu amepata nafasi ambayo wengi hawaipati, kwa sababu aliwaharibia watu anaowajua. Alipopata dhamana, kwa ridhaa ya mama na mbele ya mwenyekiti wa mtaa, baba yake aliuza pikipiki, ile 80,000 ikarudi, na kijana akaanza kukaa dukani kila jioni. Akina mama wa kikoba walileta madaftari yao ya zamani, mengine yameliwa na panya, naye akaandika upya mstari kwa mstari. Alikaa jioni 19. Hesabu za miaka minne zimerudi, isipokuwa miezi mitano ambayo daftari zake hazikuonekana. Mitihani ya walimu haikurudi. Malalamiko ya mama yako palepale, na kesi iko mbele ya sheria, siisemei.

Jioni moja nilipita dukani nikamkuta ameinama. Mama mmoja amesimama juu yake anasoma kwa sauti: elfu tano, elfu tano, elfu mbili, sikutoa nilikuwa nauguza. Kijana anaandika, machozi yanamtoka. Hakuna hakimu aliyekuwa amemgusa bado.

Ewe Mola wetu, tunusuru na shari za tunachokijua na tusichokijua. Warudishie waliodhulumiwa haki zao hapa duniani kabla ya Akhera. Waongoze vijana wetu, uzifanye akili zao ziwe nuru kwa watu. Wape mahakimu wetu ufahamu uliompa Sulaimani. Amin.

Mwenye swali aniulize baada ya Isha, au aniandikie. Mfikishie na mwenzako, huenda akawa ndiye aliyekuwa akiisubiri.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.